Kushukuru ukiwa bado unalia

Ukikaa kwenye msiba wowote hapa Mwanza, iwe Igoma, Buhongwa, Kirumba au ng'ambo kule Ukerewe, haupiti muda mrefu kabla mfiwa hajaambiwa, "Shukuru Mungu." Anayesema hana nia mbaya, na Maandiko yanamuunga mkono. Paulo aliwaandikia Wathesalonike, "shukuruni kwa kila jambo" (1 Wathesalonike 5:18), na amri hiyo haijafutwa. Kinachoumiza ni wakati na namna inavyosemwa. Mara nyingi hutumika kama kifuniko cha kumnyamazisha mtu anayelia, naye huondoka pale akiamini kwamba mbele za Mungu hakuna nafasi ya machozi yake. Akirudi chumbani hasali tena, kwa sababu sala aliyoruhusiwa kuisali si ya kweli, na ile ya kweli anaiogopa.

Naandika kuhusu namna sala ya mtu aliye kwenye taabu inavyopangwa kwa utaratibu ambao Biblia yenyewe inatuonyesha: nini kinatangulia, shukrani inaingia wapi, inashukuru nini hasa, na ni wapi tunapoharibu. Naandika kwa ajili ya mwenye taabu, na pia kwa wale wanaoitwa kumwombea: wazee wa kanisa, makatekista, viongozi wa jumuiya, akina mama wa maombi.

Malalamiko yanatangulia

Fungua Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, na kwa maoni yangu hakuna mwalimu mzuri zaidi wa sala ya taabu. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko matupu: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Neno hilo "hata lini" linarudi mara nne. Mstari wa tatu na wa nne ni ombi: Mungu aangalie, aitikie, ayatie nuru macho ya mwombaji asije akalala usingizi wa mauti. Halafu mstari wa tano unageuka: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Wa sita ni ahadi ya kuimba.

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, kati ya mstari wa nne na wa tano hatuambiwi kwamba kuna kitu kilichobadilika. Adui bado yupo na hatari bado ipo. Mwombaji amefika kwenye tumaini kwa sababu amekwisha kusema yaliyomo moyoni na kuyaweka mbele ya anayeweza kuyasikia. Pili, tazama vipimo. Tumaini na wimbo vimechukua mistari miwili kati ya sita. Sala ambayo theluthi yake ndiyo shukrani ina shukrani ya kutosha, wala usihangaike kuijaza mpaka pomoni ili uonekane una imani.

Namna ya kuitumia ni hii. Soma mistari miwili ya kwanza kwa sauti, polepole, kisha simama. Weka "hata lini" zako mwenyewe, na uwe mahususi. "Hata lini mtoto wangu atalazwa, hii mara ya tatu tangu mwaka uanze?" "Hata lini nitaamka nikikumbuka deni la kikoba?" Utaje ugonjwa kwa jina lake, deni kwa kiasi chake, marehemu kwa jina lake. Sala ya jumla jumla, ile ya "Bwana unajua shida zetu zote," ina nafasi yake kanisani, ila kwa mtu aliyeumia mara nyingi ni njia ya kukwepa. Na kama kilio chako kinakuja kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya, lia kwa lugha hiyo. Kiswahili cha ibada ni kizuri, lakini wako wengi ambao uchungu wao haujawahi kukaa ndani ya Kiswahili.

Baada ya malalamiko, omba jambo moja. Unaruhusiwa kuomba mengi, ila moyo uliochoka haubebi orodha ndefu. Chagua lile lililo karibu zaidi: homa ishuke usiku huu, majibu ya kipimo yatoke, apatikane wa kulala na watoto. Kesho utaomba lingine. Na ukijikuta unarudia ombi lilelile, usijilaumu. Pale Gethsemane Yesu aliomba mara tatu kwa maneno yaleyale (Mathayo 26:44), na Paulo alimsihi Bwana mara tatu kuhusu mwiba wake (2 Wakorintho 12:8). Kule kupayuka-payuka anakokataza Yesu kwenye Mathayo 6:7 ni kwa wale wanaodhani wingi wa maneno ndio unaomlazimisha Mungu asikie. Mama anayesema "Bwana, mponye" mara ishirini kando ya kitanda hayumo katika kundi hilo.

Ndipo ufike mstari wa tano. Kama siku hiyo unaweza kuusema, useme. Kama huwezi, hamia Zaburi ya 88. Hiyo ina mistari 18 na haina mgeuko kabisa. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inaishia gizani. Haikuondolewa kwenye Biblia. Wakatoliki wanaosali Masifu, yaani sala rasmi za Kanisa za kila siku, huikuta kwenye sala ya mwisho ya siku kila Ijumaa usiku, kabla ya kulala. Kwa hiyo mtu aliyesali Zaburi ya 88, akafunga kitabu na kulala bila neno la shukrani, amesali sala ya Kanisa.

Unashukuru nini hasa

Hapa ndipo wengi hukwama, na nadhani hapa ndipo mafundisho yetu yamepungua. Mtu anaambiwa ashukuru, naye anaelewa kwamba anatakiwa amshukuru Mungu kwa ajili ya saratani, au kwa ajili ya mwanawe aliyezama. Moyo wake unakataa, na una haki ya kukataa.

Mtazame Yesu kaburini kwa Lazaro, Yohana sura ya 11. Kwanza alilia machozi. Kisha alipoinua macho alisema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Hakushukuru kwa sababu Lazaro amekufa. Alishukuru kwa kusikilizwa na Baba. Ayubu naye, kabla ya kusema "Jina la BWANA na libarikiwe," aliinuka, akararua joho lake na kunyoa kichwa (Ayubu 1:20). Tunapenda kuukariri mstari wa 21 na kuuruka wa 20.

Maandiko yanampa mwenye taabu visima vitatu vya kuchotea shukrani. Cha kwanza ni Mungu alivyo: fadhili zake, uaminifu wake, mambo ambayo msiba haujayagusa. Cha pili ni aliyokwisha kutenda zamani. Cha tatu ni kile kilichopo leo, hata kama ni kidogo. Kitabu cha Maombolezo kinachota kwenye kile cha kwanza, na mpangilio wake unafundisha sana. Kina sura tano, nne kati yake zina mistari 22 na ile ya katikati, ya tatu, ina 66. Yale maneno tunayoyapenda, kwamba rehema za BWANA hazikomi na "ni mpya kila siku asubuhi," yapo hapo katikati (3:22-23). Baada yake kilio kinaendelea sura mbili nyingine, na kitabu kinaisha mwandishi akiwa bado anauliza kama Mungu amewakataa kabisa. Kwa hiyo usishangae ukishukuru Jumanne kwa moyo wote, halafu Alhamisi ukalia kuliko mwanzo. Hujarudi nyuma.

Kisima cha tatu kinahitaji kazi ya mikono. Chukua daftari la kawaida. Kila jioni andika mambo matatu ya siku hiyo, kila moja likiwa na mtu, saa au mahali. "Asante kwa uhai" haitoshi. Baada ya siku chache inakuwa maneno ya mdomoni. Anayemuuguza mtu hospitali ya Bugando anaweza kuandika hivi: muuguzi wa zamu ya usiku alikuja mara alipoitwa, jirani wa Nyegezi alilala na watoto, mgonjwa alimeza vijiko vinne vya uji. Vijiko vinne ni shukrani kamili. Faida ya kuandika utaiona siku ambayo hakuna cha kuandika, kwa sababu utarudi kurasa za nyuma na kusoma.

Chukua mfano mwingine wa huku kwetu. Mama anaanika dagaa kwenye mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, Igombe au Kayenze. Dagaa wanahitaji jua kali. Mvua ikiwakuta hawajakauka wanavunda, na shehena iliyokusudiwa kwa chakula cha watu inaishia kuuzwa kama chakula cha kuku, kwa bei ya chini. Mtaji mara nyingi ni wa mkopo. Mama huyu halazimiki kusema "asante Bwana kwa mvua iliyoharibu dagaa wangu." Sala yake ya kweli inaweza kwenda hivi:

"Bwana, nimefanya kazi usiku na mchana, na mvua imekuja ikakuta mzigo wangu chini. Naumia. Sijui marejesho ya wiki hii nitayatoa wapi. Nakuomba unipe kibali kwa yule ninayemdai, anilipe kabla ya Ijumaa. Mwaka jana ulinivusha nilipokuwa sina kitu, nami sijasahau. Asante kwa jirani aliyenisaidia kukusanya usiku ule kwenye matope. Asante kwa watoto kula leo. Mengine sijayaelewa. Amina."

Sala hiyo ina vyote: kilio, ombi moja, kumbukumbu, shukrani ya leo, na ukimya mwishoni. Inachukua chini ya dakika moja, na haikuhitaji sauti kubwa.

Jambo moja la kuogopa ni shukrani ya kujilinganisha: "Ashukuriwe Mungu, wenzangu wana hali mbaya zaidi." Imezoeleka mno, na watu huifundisha kama unyenyekevu. Lakini soma Luka 18:11. Aliyesali "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine" ndiye aliyerudi nyumbani bila kuhesabiwa haki. Mateso ya mwenzako si kitu cha kushukuria. Ukimwona aliye kwenye hali mbaya kuliko yako, mwombee.

Dhoruba, na waliobaki hai

Kwa watu wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, sura ninayoiona inafaa kuliko zote ni Matendo 27. Merikebu imepigwa na tufani siku nyingi, jua na nyota hazionekani, na tumaini la kuokoka limekwisha kuondoka. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanapima kina, wanatupa nanga nne nyuma ya chombo na kuomba kuche. Kulipokaribia kupambazuka Paulo akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula. Ndani ya chombo mlikuwa na watu 276. Wakati anashukuru bado wapo majini, na saa chache baadaye merikebu ilikwama na kuvunjika. Wengine waliogelea, wengine walishika mbao, na wote wakafika nchi kavu.

Sasa tazama mambo yaliyoizunguka shukrani hiyo. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo alisema wazi kwamba wale wakiondoka wengine hawataokoka, na askari wakazikata kamba za mashua. Aliwahimiza watu wapate kula kwa sababu walikuwa wamekaa siku nyingi bila chakula. Baada ya kula walitupa ngano baharini ili kupunguza uzito. Aliyekuwa ameahidiwa na malaika kwamba hakuna atakayepotea hakuacha kushughulikia mabaharia, chakula na uzito wa chombo. Kwa hiyo sala ya kuondoka mwaloni ni njema, ila ifanyike boya likiwa limevaliwa na mzigo ukiwa ndani ya kipimo. Nahodha anayejaza mtumbwi kupita uwezo wake kisha akaomba ulinzi anamjaribu Mungu.

Ziwa limetufundisha hili kwa gharama kubwa. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba, na baadhi ya waliopotea wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kutia nanga kisiwani Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Siku mbili baadaye mtu mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Katika misiba ya namna hii kanisa linakuwa na watu wa aina mbili kwenye benchi moja: aliyeokoka anayetaka kushukuru, na aliyefiwa. Kuongoza sala hapo kunahitaji uangalifu mkubwa.

Aliyeokoka ashukuru, tena kwa sauti. Zaburi ya 107 imeweka nafasi ya waliotoka kwenye dhoruba (mistari ya 23 hadi 32), na imewaagiza wamshukuru BWANA katikati ya kusanyiko. Ila azuiwe kusema, "Mungu aliniokoa kwa sababu nilikuwa nasali." Waliozama nao walisali. Katika Matendo 12, Yakobo aliuawa kwa upanga na Petro akatolewa gerezani na malaika, ndani ya sura moja, katika kanisa lilelile. Waebrania 11 inasema kwa imani wengine waliokoka na makali ya upanga, na mistari michache mbele inasema wengine waliuawa kwa upanga, nao wanahesabiwa kwa imani ileile. Ushuhuda sahihi unasema lililotokea, unashukuru, na hauelezi kwa nini. Kiongozi wa ibada ampe aliyeokoka dakika zake, kisha moja kwa moja yasomwe majina ya waliofariki kabla ya wimbo wowote wa shangwe.

Kuna jambo dogo la ratiba ambalo viongozi wasioishi mwaloni hulisahau. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti dagaa. Ukipanga ibada ya kumbukumbu au mkesha wa maombi ya wavuvi siku za giza, utawakusanya wake na watoto tu. Panga siku za mbalamwezi, wanaume wakiwa nchi kavu. Ndizo pia siku ambazo fedha ni haba nyumbani, kwa hiyo usipange michango mizito.

Kumwombea mgonjwa kitandani

Wodi za hospitali zina wagonjwa wengi na muda wa kutazama wagonjwa ni mfupi. Sala nzuri hapo haizidi dakika tano. Salimia, kaa au simama mahali mgonjwa anakuona bila kugeuza shingo. Muulize kwanza kama angependa kuombewa, na akikubali muulize, "Tumwombe Mungu nini?" Majibu yake yatakushangaza. Wewe umejiandaa kuomba uponyaji, yeye anataka usingizi, au anataka kupatana na kaka yake. Omba alichosema. Soma mistari miwili au mitatu, si sura nzima. Nyamaza kidogo. Sali kwa sauti ya chini, maana kitanda cha pili yupo mwingine aliyetoka kuchomwa sindano, pengine wa dini nyingine. Usiweke mkono kwenye kidonda wala karibu na sindano ya dripu. Sema amina na uondoke kabla hajachoka.

Shukrani katika sala hiyo iwe ya mgonjwa mwenyewe. Ukitaka kumsaidia, muulize, "Kuna kitu cha leo ungependa tumshukuru Mungu?" Akisema hakuna, pokea hivyo na uendelee. Kumtangulia kwa "tunakushukuru kwa kuwa umekwisha kumponya" wakati mgonjwa anasikia maumivu yaleyale kunamweka mahali pabaya: akisema bado anaumwa ataonekana hana imani. Wapo wanaoacha dawa kwa sababu hiyo. Mfalme Hezekia aliomba na kulia, BWANA akamwongezea miaka 15, na nabii Isaya aliagiza kwamba mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:5-7). Ahadi ilikuja pamoja na dawa. Yeyote anayemwambia mgonjwa wa kisukari, wa kifua kikuu au anayetumia ARV aache dawa ili kuonyesha imani anafundisha kinyume cha Maandiko, na familia imzuie mlangoni.

Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Kwa Wakatoliki Mpako wa Wagonjwa hutolewa na padre, ambaye hupaka kwenye paji la uso na mikononi. Wengi bado wanadhani ni sakramenti ya kufia, hivyo wanachelewa kumwita mpaka mgonjwa hajitambui. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano imesisitizwa kuwa ni ya mtu aliyeugua sana au aliyedhoofika kwa uzee, na inaweza kutolewa tena hali ikizidi kuwa mbaya. Mwite padre mapema, mgonjwa akiwa anaweza kuitikia mwenyewe.

Msibani

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu la kufanya ni dogo. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno (Ayubu 2:13), na hiyo ndiyo kazi yao nzuri pekee. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipokosea, hadi Mungu akawakemea. Acha "Mungu amempenda zaidi," acha "ua zuri ndilo linalochumwa." Chota maji, osha vyombo, kaa.

Kuna desturi yetu moja inayofundisha jambo kubwa kuliko tunavyodhani. Kwenye ratiba ya mazishi huwa kuna neno la shukrani la familia, na mara nyingi halisomwi na mjane wala mama mzazi. Anasimama baba mdogo, au msemaji wa ukoo, anawashukuru waliochimba kaburi, waliopika, waliochanga, madaktari, kwaya. Hakuna anayemshangaa mjane kwa kunyamaza. Sala ifuate utaratibu huohuo. Katika Misa ya mazishi padre husema, "Tumshukuru Bwana Mungu wetu," na watu wote huitikia, "Ni vema na haki." Mfiwa ambaye koo limekaza anaweza kukaa kimya na jibu likatolewa na waliomzunguka. Shukrani ya siku ile imebebwa na kusanyiko, naye ataichukua atakapoweza, labda baada ya arobaini, labda mwakani.

Mtu aliyekata tamaa kabisa mhudumie kama malaika alivyomhudumia Eliya katika 1 Wafalme 19. Eliya aliomba afe. Hakuhubiriwa. Alipewa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, na mazungumzo yalikuja baadaye sana. Chakula na usingizi kwanza. Na ukiona wiki zinapita halali, hali, haogi, au anasema afadhali angekufa, usimwache peke yake na umpeleke hospitali akaonwe na watu wa afya ya akili, huku maombi yakiendelea.

Sadaka ya shukrani

Jihadhari na anayekuambia utoe shukrani kwanza ili uponywe. Mtu aliyekata tamaa anauza hata kitanda. Katika Zaburi ya 107 na ya 116 dhabihu ya shukrani inatolewa na mtu aliyekwisha kuokolewa, na hakuna kiwango kilichotajwa. Anayetaja kiwango anauza.

Ukishavuka na ukataka kutoa, tazama Walawi 7:15. Nyama ya sadaka ya shukrani ililiwa siku ileile, isibaki hata asubuhi. Nyumba moja haimalizi mnyama mzima kwa siku moja, kwa hiyo ililazimu kuita watu. Fanya hivyo. Toa kanisani kadiri ulivyokusudia, halafu pika nyumbani, hata kama ni ugali na sato wawili. Waite walioshika zamu hospitalini, aliyetoa damu, dereva wa bodaboda aliyekukimbiza usiku bila kudai nauli. Msomee kila mmoja jambo lake kutoka kwenye lile daftari. Yule ambaye mgonjwa wake mlilala naye wodi moja na hakupona, usimwite mbele za watu kusema chochote. Mpelekee chakula kwake siku hiyohiyo, kaa naye, na kama atataka kusali, aanze yeye.